Ahadi ni Deni, Lakini Daftari Liko kwa Nani?

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nani atakayeliandika deni hilo, wala ataliandika kwa lugha gani. Makala haya yananuia kuliuliza swali hilo kwa mintarafu ya kampeni za urais nchini Kenya, na kulielekeza kwa watu ambao, kwa maoni yangu, wamelikwepa kwa muda mrefu. Watu hao ni sisi wenyewe, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Jioni ya tarehe 26 Julai 2022, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, nilikuwa katika hoteli moja ndogo karibu na kituo cha matatu mjini Nakuru. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikisubiri kujiunga na chuo kikuu. Runinga ilikuwa juu ya kabati la mandazi na watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni, wakingoja mdahalo wa wagombea urais. Hatimaye aliyesimama mbele ya wanahabari ni mgombea mmoja tu, Dkt. William Ruto. Hayati Raila Odinga alikuwa amekataa kuhudhuria, naye Prof. George Wajackoyah alifika ukumbini akaondoka kwa kupinga mpangilio wa mdahalo. Miaka mitano kabla yake, mnamo Julai 2017, mambo yalikuwa kinyume: Odinga ndiye aliyejibu maswali peke yake, naye Rais Uhuru Kenyatta hakufika.

Kando yangu aliketi mzee mmoja fundi wa viatu. Mdahalo ulikuwa ukiendeshwa kwa Kiingereza. Mzee akanigusa bega: "Kijana wangu, wewe umesoma. Hebu nieleze wanasema nini." Nikawa mkalimani wake. Nilijiona nimefanya jambo la maana hadi aliponiuliza swali la pili. "Hizo bilioni hamsini za kila mwaka tunazotajiwa kwenye mikutano, zikigawanywa, mtu kama mimi anapata ngapi? Na ni za kupewa au za kukopeshwa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeisikia ahadi hiyo mara nyingi kama yeye, na mara nyingi kama yeye sikuwa nimeipima. Nilinyamaza. Mzee akacheka bila ubaya, akasema, "Basi hata nyinyi mliosoma mnasikia tu kama sisi."

Maneno hayo yamenikaa moyoni tangu siku hiyo, kwani yalinifunulia hitilafu ambayo sijaona ikijadiliwa ipasavyo katika majarida yetu. Kampeni za urais nchini Kenya zina majukwaa mawili. La kwanza ni la mdahalo wa runinga, ambapo mwanahabari anaweza kumkatiza mgombea na kumdai ushahidi. La pili ni la mkutano wa hadhara, juu ya paa la gari, ambapo mgombea huuliza maswali na kuyajibu mwenyewe huku umati ukishangilia. Jukwaa la kwanza hutumia Kiingereza aghalabu. La pili hutumia Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachomfikisha mgombea Mombasa, Kisii, Garissa na Kitale bila mkalimani. Kwa ufupi, penye maswali pana Kiingereza, na penye Kiswahili hapana maswali.

Isitoshe, hata uhakiki unaofanywa baada ya hotuba hufuata mkondo huohuo. Yapo mashirika yanayofanya kazi hii kwa uadilifu. Africa Check lilianzishwa Afrika Kusini mwaka wa 2012 na lina ofisi Nairobi. PesaCheck huchunguza hasa madai yanayohusu fedha za umma, na baadhi ya kazi zake limezitoa kwa Kiswahili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matokeo ya uchunguzi wa aina hii husomwa kwa Kiingereza, na watu ambao tayari wana njia nyingine za kuupata ukweli. Dai hutolewa sokoni kwa Kiswahili, na sahihisho lake huwekwa maktabani kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Itakuwaje basi lugha ya taifa iwe rasmi wakati wa kuahidi, ila isiwe rasmi wakati wa kudai?

Hapa ndipo ninapoona kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili. Tumezoea kufikiri kwamba kuhakiki madai ya wanasiasa ni kazi ya wanauchumi na wanahabari. Mimi nashikilia kuwa hatua ya kwanza ya uhakiki ni ya kisarufi, na kwamba zana zake tumekuwa nazo tangu muhula wa kwanza.

Tuanze na viambishi vya wakati. Kauli yenye -li- au -me- inaweza kupimwa leo: jambo ama lilitendeka ama halikutendeka. Kauli yenye -ta- haiwezi kuitwa kweli wala si kweli siku inapotamkwa, maana jambo lenyewe halijafika. Kauli yenye -nge- ("ningekuwa mimi, bei ya unga isingepanda") haipimiki kamwe, na ndiyo maana hupendwa sana. Mhakiki asiyetenganisha kauli hizi atatumia siku nzima akijadiliana na -nge- huku -me- ikimpita.

Je, kauli ya -ta- ikiwa haipimiki, tuiache? La hasha. Haipimiki kwa ukweli, lakini hupimika kwa hesabu. Tuchukue mfano mmoja kutoka kila upande wa kinyang'anyiro cha 2022. Muungano wa Azimio ulioongozwa na Odinga uliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini milioni 2. Tukizidisha, tunapata shilingi bilioni 12 kwa mwezi, yaani bilioni 144 kwa mwaka. Katika mwaka wa kifedha wa 2022/2023, mgao wa mapato uliotengewa kaunti zote 47 ulikuwa shilingi bilioni 370. Ahadi hiyo moja, basi, ilihitaji kiasi kinachozidi thuluthi ya fedha hizo. Muungano wa Kenya Kwanza ulioongozwa na Ruto nao uliahidi kufikisha ujenzi wa nyumba mpya 250,000 kila mwaka. Tukigawanya, tunapata takribani nyumba 685 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hesabu hizi hazisemi kwamba mgombea yeyote alidanganya. Zinatupa swali la kumuuliza kabla hajashuka jukwaani: fedha zitatoka wapi, na mafundi ni wangapi?

Fauka ya hesabu, kuna suala la mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu baina ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Zahanati, vituo vya afya na shule za chekechea ni kazi ya kaunti, ilhali sera ya elimu, vyuo vikuu na hospitali kuu za rufaa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Mgombea urais anayewaahidi wanakijiji kwamba yeye mwenyewe atawajengea zahanati anaahidi kwa kutumia kalamu ya mtu mwingine. Kulitambua hilo hakuhitaji shahada ya uchumi. Kunahitaji kusoma kurasa chache za Katiba na kuzieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Tuingie sasa kwenye -me-, ambayo ni hatari zaidi kwa sababu huvaa vazi la ukweli. Mwaka wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mwanafunzi anayejiunga na darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka wa 2014, na mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka wa 2016, watoto waliletewa vishikwambi. Ukifika wakati wa kuomba kura tena, msemaji wa serikali anaweza kutamka "tumetimiza" na mpinzani akatamka "hawajaleta chochote," na kila mmoja akashangiliwa. Mhakiki wa lugha atasema hivi: dai kwamba mpango wa vifaa vya kidijitali ulianzishwa katika shule za msingi ni kweli. Dai kwamba ahadi ya 2013 ilitimizwa kama ilivyotolewa si kweli, kwani kipakatalishi si kishikwambi. Dai kwamba hakuna kilicholetwa nalo si kweli. Madai matatu, majibu matatu. Ni tofauti ya msamiati tu, na tofauti za msamiati ndizo tunazotahiniwa kila muhula.

Haki hiyohiyo itendewe serikali zote. Muungano wa NARC uliomwingiza hayati Mwai Kibaki madarakani mwezi wa Desemba 2002 uliahidi elimu ya msingi bila malipo. Mnamo Januari 2003 milango ya shule ilifunguliwa, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Hapo deni lililipwa. Muungano huohuo uliahidi pia katiba mpya katika siku 100. Rasimu ya kwanza kufikishwa kwenye kura ya maamuzi ilikataliwa tarehe 21 Novemba 2005, na katiba mpya haikuzinduliwa hadi tarehe 27 Agosti 2010, chini ya serikali nyingine ya muungano. Daftari la haki huandika kilicholipwa na kisicholipwa katika ukurasa mmoja. Anayeandika upande mmoja tu ni mpiga debe, wala si mhakiki.

Kuna pia viambishi vya nafsi. Kampeni za 2022 zilikuwa darasa adimu la somo hili. Mgombea mmoja alikuwa naibu wa rais tangu mwaka wa 2013. Mgombea wa pili alikuwa kiongozi wa upinzani aliyepatana na rais tarehe 9 Machi 2018 na hatimaye akaungwa mkono na rais huyo. Kwa hivyo kila upande ulikuwa na mguu mmoja ndani ya serikali na mwingine nje. Hali hiyo iliwapa wote nafasi ya kutumia tu- penye sifa na wa- penye lawama: barabara "tulijenga", madeni "walikopa". Sarufi haikosewi katika sentensi hizo, ila historia ndiyo inayokosewa. Mhakiki anapaswa kuuliza: huyu tu- ni nani? Mradi ulianza lini, nani alikuwa ofisini siku hiyo, na nani alitia saini? Tarehe ndiyo dawa ya kiambishi cha nafsi.

Mwisho wa orodha hii ni maana ya maneno yenyewe. Mgombea anaposema ameunda "nafasi za kazi" milioni kadhaa, mwanafunzi wa semantiki ashtuke. Ripoti za kila mwaka za Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) huonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini, bila kuhesabu wakulima wadogo, wako katika sekta isiyo rasmi. Kwa hivyo katika hesabu ya "kazi" mpya wamo wachuuzi, mafundi wa jua kali na waendesha bodaboda waliojitafutia riziki wenyewe. Anayesikiliza hotuba hufikiria ajira yenye barua na mshahara wa mwisho wa mwezi. Nambari inaweza kuwa sahihi na msikilizaji akapotoshwa bado, kwa kuwa neno moja limebeba maana mbili.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo madogo ya wanaisimu. Katika kampeni za 2007 neno majimbo lilizungushwa nchi nzima. Kwa waliolipenda, lilimaanisha kugawa mamlaka na rasilimali hadi mashinani. Kwa waliolipinga, lilimaanisha kuwafukuza watu katika mashamba yao kwa sababu ya kabila. Wapiga kura waliambiwa waogope neno au walipende bila kufafanuliwa. Ghasia za baada ya uchaguzi ule zilikuwa na mizizi mingi, ikiwemo ya ardhi na ya kura yenyewe, nazo ziliua zaidi ya watu 1,000. Sisemi kwamba kamusi ingaliwaokoa. Nasema kwamba wakati ule nchi ilihitaji watu wa kufafanua maneno hadharani, na wenye taaluma ya maneno hawakusikika vya kutosha.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba Mkenya hupiga kura kwa kabila wala si kwa ukweli, hivyo uhakiki ni kutwanga maji kwenye kinu. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau hesabu. Mwaka wa 2022 Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Odinga, yaani tofauti ya kura 233,211. Uchaguzi unapoamuliwa na idadi ndogo hivyo, hatuhitaji kumbadilisha kila mtu ndipo ukweli uwe na thamani. Zaidi ya hayo, daftari halina kazi siku ya kura pekee. Aliyeshinda ndiye atakayesomewa kwa miaka mitano.

La pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za fedha za umma. Hili tuliache kwa wasiosikiliza taarifa ya habari. Bajeti, ruzuku, riba, nakisi, mfumko wa bei, pato la taifa na deni la umma ni maneno yanayotamkwa redioni kila siku. Kinachopungua ni mazoezi ya kuyatumia kwa usahihi.

La tatu ndilo ninaloliogopa: kwamba wanafunzi watageuzwa vibaraka vya vyama. Vyuo vyetu havikosi siasa, na si ajabu mgombea akatuma bahasha. Kwa sababu hiyo uhakiki lazima uwe na kanuni zinazojulikana kabla ya kazi kuanza. Madai ya kila mgombea mkuu yachukuliwe kwa idadi sawa na yapimwe kwa kipimo kimoja. Chanzo cha kila takwimu kitajwe. Tunapokosea, tusahihishe mahali palepale tulipokosea. Na tuchunge lugha ya hukumu. Tukiandika "uongo" tunadai kujua nia ya msemaji, jambo ambalo hatulijui. "Si kweli" inatosha. Tuwe na "ni kweli", "ni kweli kwa sehemu", "si kweli" na "haliwezi kuthibitishwa", kisha tusimamie hapo. Hukumu ya nne isionewe aibu, kwani mara nyingine ndiyo hukumu ya pekee iliyo ya kweli.

Vyanzo vya kufanyia kazi hii vipo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, za Msimamizi wa Bajeti na za KNBS hutolewa kwa umma. Kifungu cha 35 cha Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza namna ya kuziomba. Vyanzo hivi huandikwa kwa Kiingereza kizito, na kuvifasiri ni kazi ambayo idara zetu hudai kila mwaka kwamba zinatuandaa kuifanya.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Napendekeza chama chetu kiunde kikundi cha uhakiki mapema, chenye wanafunzi wa isimu na tafsiri pamoja na wenzetu wachache wa takwimu, chini ya uangalizi wa mhadhiri. Kikundi kinakili dai kama lilivyotamkwa, mahali na tarehe vikitajwa. Kilichambue, kilipime, kisha kitoe jibu la aya moja kwa Kiswahili ambacho fundi wa viatu atakielewa bila mkalimani. Jibu hilo lisomwe redioni, kwa maana redio hufika hotelini kabla ya jarida. Wahadhiri wetu nao wawaruhusu wanafunzi kuandika tasnifu kuhusu hotuba hizi. Tumechambua majazi katika riwaya kwa miongo mingi, na ni vyema tuendelee. Lakini hotuba ya kampeni pia ni matini, na kwa msikilizaji wake si ya kubuni.

Nimalizie kwa kulipa deni langu. Sensa ya 2019 ilihesabu familia 12,143,913 nchini. Shilingi bilioni 50 zikigawanywa kwa familia hizo, kila moja hupata takribani shilingi 4,117 kwa mwaka. Hazikuwa za kupewa, zilikuwa za kukopeshwa. Hazina iliyotokana na ahadi hiyo, Hustler Fund, ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 kwa mikopo ya kati ya shilingi 500 na 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwamba hazina ilianzishwa ni kweli. Kama bilioni 50 zimetengwa kila mwaka ni swali la vitabu vya bajeti, na ningependa liwe la kwanza kuchunguzwa na kikundi hicho.

Hesabu hiyo ilinichukua dakika moja. Ingalimfaa mzee yule jioni ile, kabla hajapiga kura. Nimemwandikia sasa, nikiwa nimechelewa, katika jarida ambalo huenda asilione. Mwaka wa 2027 tusimcheleweshe tena.